Kozi Ngumu za Sayansi Mwaka wa Kwanza Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya si ya kutunga. Ni yale ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi huniuliza kila mwaka: kwenye vimbweta vya kusomea, mlangoni mwa maabara, na WhatsApp saa tano usiku matokeo ya testi ya kwanza yakishabandikwa. Mimi mwenyewe nilikamatwa kalkulasi muhula wa kwanza, yaani nilifeli, nikasapu (nikarudia mtihani), nikatoboa, na baadaye nikaja kusimamia semina za kozi ileile. Mifano ni ya vyuo vya Tanzania, vinavyogawa alama 40 za CA (kazi za ndani ya muhula, kama testi na asaimenti) na 60 za UE (mtihani wa mwisho wa muhula). Kama chuo chako kina utaratibu mwingine, fuata prospektasi yake, usinifuate mimi.

## Kabla ya yote

1. Form Six nilipata daraja la kwanza. Imekuwaje testi wani nimepata 11 kwa 40?

Mchezo umebadilika na wewe bado unacheza ule wa zamani. Form Five na Six ulikaa karibu miaka miwili na masomo matatu yaleyale. Mwalimu alikutafunia, tuisheni ikakutafunia tena, na pasti pepa za NECTA, Baraza la Mitihani, ukazipiga mpaka swali likija unalijua kwa sura. Chuoni una wiki kama 15, kozi tano au sita, na mhadhiri anamaliza kwa wiki mbili kile ulichosoma muhula mzima. Kisha anatunga swali ambalo halijawahi kutokea popote, kwa sababu anataka kuona kama wazo umelishika au umelikariri.

Kabla hujalia, tafuta wastani wa darasa. Kama ni 13, mpo wengi na pepa ilikuwa kali. Kama ni 26, kuna jambo lako binafsi la kurekebisha, na linarekebishika. Hiyo 11 yenyewe hainitishi. Kinachonitisha ni kwamba ulisubiri mpaka wiki ya saba ndipo ugundue kuwa huelewi, wakati ungeweza kujua wiki ya pili, ukiwa peke yako, bila mtu wa kukupa alama. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

2. Ina maana sina kichwa cha sayansi?

Hapana. Nimeona wa 9 kwa 40 akimaliza na B+, na wa 33 akisapu. Tofauti ilikuwa walichofanya wiki mbili baada ya testi. Tazama swali la 5.

3. Kozi moja inataka saa ngapi kwa wiki?

Hesabu yake ipo, ila wengi hawaambiwi. Kwa mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kredi moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha lekcha, semina, maabara na kujisomea. Kozi ya kredi 12 ni saa 120. Gawa kwa wiki 15, unapata saa 8 kwa wiki. Ukitoa saa 3 za lekcha na 1 ya semina, zinabaki 4 za kwako mwenyewe, kila wiki, tangu wiki ya kwanza. Ukiwa na kredi 60 kwa muhula, jumla ni saa 40 kwa wiki, sawa na mwajiriwa wa ofisini.

Sasa jaribu kitu kimoja: wiki nzima andika saa ulizosoma kweli, simu ikiwa mbali. Karibu kila ninayempa zoezi hili anarudi na sura ya aibu. Wapo pia wachache wanaorudi na saa 60 na bado hawafaulu. Hao shida yao ni namna, na kuongeza saa hakutawasaidia.

4. Naweza kuacha lekcha nikasoma desa (notisi za kozi) mwenyewe?

Ukumbi wa watu 400, spika inakoroma, umekaa nyuma unaona mgongo wa mwenzako tu: naelewa kishawishi hicho. Lakini kwenye lekcha ndipo mhadhiri anapoonyesha anajali nini. Anaporudia jambo mara tatu, au anaposema “hapa watu huwa wanakosea”, anakutungia mtihani mbele ya macho yako, na desa haina sauti hiyo. Wahi, kaa mistari mitano ya mbele. Ukikosa siku moja, tafuta alichoandika ubaoni siku hiyohiyo, maana lekcha mbili zikikupita ya tatu itakuwa kama redio ya kigeni.

## Namna ya kusoma

5. Nasoma desa mara tatu, naelewa kila kitu, lakini kwenye testi sikumbuki. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Unajua hali ya kukutana na mtu Kariakoo, sura unaijua kabisa, jina halitoki? Kutambua na kukumbuka ni kazi mbili. Unaporudia kusoma desa unaongeza kutambua: macho yanapita juu ya mistari uliyokwisha kuiona, na moyo unasema “hii najua”. Mtihani haukuulizi kama unaitambua. Unakupa karatasi nyeupe na kukwambia utoe.

Watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakafunga na kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, walioandika bila kuangalia asilimia 56. Angalia mtego ulivyo. Usiku wa kuamkia testi, njia mbovu ndiyo inayokufanya ujisikie vizuri.

Basi fanya hivi. Soma sehemu moja mara moja, kwa makini. Funga desa, weka simu ndani ya begi, chukua karatasi tupu, andika wazo lenyewe kwa maneno yako, kisha fanya swali moja la sehemu hiyo. Ukikwama, usikimbilie jibu. Kaa na hilo swali hata dakika kumi. Ndipo ufungue, uone ulikwama wapi hasa, na uandike kwa kalamu nyekundu: “sikujua kwa nini alama imegeuka hapa”. Baada ya siku mbili rudia swali lilelile kwenye karatasi nyingine tupu. Baada ya wiki, tena.

Mfano uliofanywa kwenye desa nao una namna yake. Ufunike kwa kitabu, vuta chini mstari mmoja, jiulize wa pili utakuwa upi, kisha vuta uone. Ukiusoma wote kwa mkupuo utaona kila mstari una mantiki, na huo ndio udanganyifu wenyewe: mantiki ya mwenzako huwa wazi daima akishaiandika.

Utajisikia mjinga wiki mbili za kwanza. Karatasi itajaa wekundu. Afadhali wekundu huo uwe wako kwenye kimbweta kuliko wa msahihishaji kwenye testi.

6. Pasti pepa peke yake zinatosha?

Kwa kozi chache, ndiyo, na wanaojua kozi hizo hawasemi. Kwa nyingi, hapana. Pasti pepa ni kipimo, na watu wengi huigeuza chakula. Usikariri majibu yaliyoskaniwa ya mwaka juzi, ambayo mara nyingi yana makosa yanayorithishwa kizazi hadi kizazi. Fanya moja nzima kwa saa yake katikati ya muhula. Kisha chukua swali ulilolipata na ulivuruge: badilisha namba, geuza kilichotolewa kiwe kinachotafutwa, ondoa sharti moja uone kinachovunjika. Mhadhiri naye hutunga hivyohivyo.

7. Diskasheni inasaidia au inapoteza muda?

Inategemea mnakuja na nini mkononi. Miaka ya 1970 pale Berkeley, California, Uri Treisman alijiuliza kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakifeli kalkulasi huku wenzao wa asili ya Kichina wakifaulu. Aliwafuatilia mpaka wanakoishi. Aliowakuta wakifeli hawakuwa wavivu. Walisoma saa nyingi, ila kila mmoja peke yake chumbani. Wale wengine walisoma peke yao kwanza, halafu wakakutana, wakala pamoja, wakakosoana kazi. Treisman hakuanzisha masomo ya kuwarudisha nyuma. Aliwaweka katika vikundi akawapa maswali magumu zaidi, na matokeo yao yakapanda.

Kwa hiyo: watu wanne, wasizidi watano. Kila mmoja afike ameshajaribu maswali, hata kama amekwama. Asiyejaribu asikilize tu siku hiyo. Anayeshika chaki awe yule ambaye hajaelewa vizuri, na anayejua azuie mikono yake. Kikundi ambacho fundi mmoja anaandika na tisa wananakili ni lekcha ya pili, tena bila spika.

8. Lekcha ni za Kiingereza, na nashindwa kumfuata mhadhiri. Nitafika?

Usione aibu. Wengi wetu tulisoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, tukabadilishiwa lugha Form One, na wengine tukamaliza Form Six tunajua kujibu mitihani kwa Kiingereza bila kuweza kubishana kwa Kiingereza. Fikiri na jadili kwa Kiswahili, hakuna dhambi. Ila mwisho wa kila diskasheni, andika jibu kamili kwa Kiingereza, sentensi nzima, kwa sababu hiyo ndiyo itakayosahihishwa.

Pia jifunze vitenzi vya mtihani, maana vinapoteza alama kimyakimya. “State” inataka utaje tu, na ukurasa mzima wa maelezo hauongezi kitu. “Derive” inataka uanzie chini kabisa, hatua kwa hatua. “Show that” imekwisha kukupa jibu, kwa hiyo alama zote ziko njiani. “Hence” inakuamuru utumie ulichopata sehemu iliyotangulia. Ukifika kwa njia nyingine, wasahihishaji wengi watakukata.

9. Akili unde inanifanyia kila asaimenti. Kuna ubaya?

Asaimenti pengine ni alama 5. UE ni 60, na simu utaiacha mlangoni. Itumie kama mwenzako wa diskasheni: jaribu kwanza, mwonyeshe ulipokwama, muulize hatua moja tu. Na ukague, maana hukosea hesabu kwa kujiamini sana. Kama chuo chako kinakataza kabisa matumizi hayo, basi kinakataza.

## Somo kwa somo

10. Kudiferenshieti najua. Kwa nini wananisumbua na epsilon na delta?

Kwa sababu sekondari ulifundishwa kuendesha gari, na hapa wanafungua boneti. Tatizo ni kwamba mhadhiri huandika tafsiri rasmi ya kikomo kwa mstari mmoja wa alama za Kigiriki na kuendelea na safari yake.

Ione kama mabishano ya watu wawili. Mimi nadai: fankisheni 3x + 1 inaelekea 7 x inapoelekea 2. Wewe huniamini, unasema: “Nataka jibu lisipishane na 7 kwa zaidi ya 0.03.” Hiyo 0.03 ndiyo epsilon, na ni yako kuchagua. Mimi nakujibu: “Basi x isikae mbali na 2 kwa zaidi ya 0.01.” Hiyo ndiyo delta, na ni kazi yangu kuitafuta. Unabana zaidi, 0.0003? Nakupa 0.0001. Kila ukibana nina jibu, kwa sababu delta yangu siku zote ni epsilon yako gawa kwa 3. Nikiwa na jibu kwa kila ubishi wako, kikomo kipo. Ukipata ubishi mmoja tu nisioweza kuujibu, dai langu limeanguka.

Ukishaelewa nani anachagua nini, na nani anatangulia, nusu ya kozi imekwisha. Fanya mifano ya mstari ulionyooka kumi kabla ya kugusa x mraba.

11. Nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia (au CBG, yenye jiografia badala ya fizikia), hesabu yangu ni BAM tu, ile hesabu ya msingi ya Form Five na Six. Nitaiweza kalkulasi?

Utaiweza, ila una deni la kulipa mapema. Kwa uzoefu wangu wa kusahihisha, watu wa BAM hawaangushwi na kalkulasi yenyewe. Wanaangushwa na aljebra iliyo ndani yake: sehemu juu ya sehemu, vipeo hasi, sheria za logi, utambulisho wa sini na kosini. Chukua wiki tatu za kwanza, saa moja kila siku, kwa vitu hivyo vinne tu. Vitabu vya OpenStax hupakuliwa bure, kikiwemo cha hesabu za maandalizi ya kalkulasi. Waliotoka diploma, jibu lenu ni hilihili.

12. Fizikia nimekariri fomula zote. Kwa nini sipati?

Nikuulize swali. Jiwe limerushwa juu wima. Likifika kileleni, linasimama kitambo kidogo kabla ya kuanza kushuka. Wakati huo mchapuko wake ni kiasi gani?

Wengi husema sifuri. Ni mita 9.8 kwa sekunde mraba, kuelekea chini, kama ilivyokuwa njiani kote. Kasi ndiyo sifuri. Kama mchapuko nao ungekuwa sifuri, jiwe lingebaki huko juu likining’inia. Aliyekosa hapa anaweza kuwa na fomula zote kichwani na bado asijue ipi inamhusu.

Kwa hiyo anza na picha kabla ya fomula. Chora kitu, chora mishale ya kani zote zinazokigusa pamoja na uzito wake, amua upande upi ni chanya, kisha ndiyo uandike mlinganyo. Ukimaliza, kagua vipimo. Ukiandika kwamba muda wa kupanda ni kasi mara g, vipimo vitakupa mita mraba kwa sekunde mchemraba, kitu kisichokuwa muda popote duniani. Kasi gawa kwa g inatoa sekunde: jiwe la mita 14.7 kwa sekunde linapanda kwa sekunde 1.5. Ukaguzi huu ni wa sekunde kumi na umeokoa watu wengi.

Ukiwa na bando, maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder yanapakuliwa na kuchezwa bila intaneti.

13. Moli inanichanganya tangu Form Three. Sasa ni kila mahali.

Fikiria treyi ya mayai. Treyi ni 30, yawe ya kuku au ya kware. Hesabu ni ileile, uzito si ule ule. Moli ni treyi ya kemia, isipokuwa ndani yake kuna chembe 6.022 × 10²³. Moli moja ya chumvi ya mezani ina gramu 58.44, ya maji ina gramu 18 hivi. Atomi hazihesabiki kwa mkono, kwa hiyo tunapima uzito ili tujue idadi. Kazi yote ya moli ni hiyo: kutoka mizani kwenda idadi, na kurudi.

Mfano wa maabara: unataka mililita 250 za mmumunyo wa chumvi wenye moli 0.5 kwa lita. Moli unazohitaji ni 0.5 × 0.25 = 0.125. Gramu ni 0.125 × 58.44, karibu 7.3. Kisha yeyusha chumvi kwa maji kidogo, mimina kwenye chupa ya kipimo, ongeza maji mpaka kwenye mstari. Usiongeze mililita 250 za maji juu ya chumvi. Hapo ndipo watu hukosea.

Kemia ya ogania ni habari nyingine. Usikariri mmenyuko mmoja mmoja kama orodha ya wafalme. Fuata elektroni: nani anazo nyingi, nani anazitaka, mshale unatoka kwa mwenye nazo kwenda kwa mhitaji.

14. Biolojia si ngumu, ila majina hayaishi.

Vunja majina. Glikolisisi, hidrolisisi, elektrolisisi: mwisho uleule wa Kigiriki, maana yake kuvunja au kufungua. Ya kwanza inavunja sukari, ya pili inavunja kwa maji, ya tatu kwa umeme. Mizizi thelathini ya namna hiyo inakupa mamia ya maneno. Mengine ni karatasi tupu ya swali la 5: chora njia ya glukosi mpaka piruvati mbili na faida ya ATP mbili, bila kuangalia.

## Maabara

15. Namba zangu haziendani na kitabu. Nizirekebishe kabla ya kuandika ripoti?

Usipike data. Achilia mbali adhabu, unatupa alama zilizokuwa zako. Mwanafunzi mmoja alipima g kwa pendulamu akapata 9.4. Alitaka kuandika 9.8. Tulipokaa tukakuta alipima kamba mpaka juu ya kijiwe, sentimita 48, wakati urefu unaotakiwa ni mpaka katikati yake, sentimita 50. Kosa la sentimita 2 linashusha g kutoka 9.8 mpaka karibu 9.4. Aliyaandika hayo kwenye majadiliano, akaongeza kwamba angechora grafu ya kipindi mraba dhidi ya urefu, kosa lile lingesogeza mstari bila kubadili mwinamo wake, na g ingetoka sawa. Ilikuwa ripoti bora ya kundi lake.

16. Mimi ni msichana pekee kikundini. Kila wiki naambiwa “wewe una mwandiko mzuri, andika”.

Mwandiko mzuri haushiki bureti, na mtihani wa praktiko utaufanya peke yako. Mwanzoni mwa zoezi, kabla mtu hajagusa kifaa, sema: “Leo nashika mimi, wewe andika, wiki ijayo tunabadilishana.” Wengi hukubali, maana hawakuwa wamewaza. Wakikataa, mwambie mtaalamu wa maabara apange zamu. Ushauri huu ni wa wavulana wapole vilevile.

## Alama, sapu na UE

17. Nina CA ya 17. UE nahitaji ngapi?

Kwa mizani ya C kuanzia 40, B kuanzia 50, B+ kuanzia 60 na A kuanzia 70: kwa C unahitaji 23 kwa 60, yaani asilimia 38. Kwa B, 33. Kwa B+, 43, na hapo unatakiwa upate karibu asilimia 72 ya pepa. A ni 53, haiwezekani kwa wengi wetu. Angalia pia masharti ya pembeni: vyuo vingine haviruhusu kuingia UE kama CA haijafika kiwango fulani, mathalani 16, na vingine vinataka UE yenyewe ifikie kiwango chake.

18. Nimekamatwa kozi moja. GPA (wastani wa pointi zangu) imeharibika?

Sapu huumiza roho kuliko inavyoumiza GPA. Vyuo vingi hukuandikia C ukifaulu sapu, hata ukipata 80. Tuseme kozi ni ya kredi 12 na ungepata B. B na C zinapishana pointi moja kwa kila kredi, kwa hiyo umepoteza pointi 12. Kwenye muhula wa kredi 60 ni 0.2, inaonekana. Kwenye shahada nzima ya kredi 360 ni 0.03. Kinachovunja watu ni kukamatwa nne kwa mpigo, au kusapu na kufeli tena ikawa kerio, yaani kozi unayoibeba mwaka unaofuata, ikagongana na ratiba ya mwaka wa pili.

Omba kuona pepa yako kama utaratibu unaruhusu. Mimi nilidhani nilifeli sehemu ya intigrali. Nilipoiona, nilikuwa nimetupa alama 14 kwenye maswali ya kikomo niliyoyaruka kwa kuyaogopa.

19. Zimebaki wiki mbili UE ianze na sijashika kitu.

Usianze ukurasa wa kwanza wa desa. Panga mada zote kwenye karatasi, weka alama mbele ya zile zinazotokea kila mwaka na zile zinazobeba nyingine. Chagua nusu, uzijue kweli kwa njia ya swali la 5. Lala. Anayekesha siku tatu mfululizo huingia akiwa na mengi kichwani na asiweze kujumlisha sehemu mbili.

## Hali za pekee

20. Bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) halijaingia, nakula mlo mmoja, siwezi kusoma.

Hapo tatizo si mbinu za kusoma, na usikubali mtu akwambie ukaze tu. Nenda kwa afisa mikopo ujue jina lako limekwama wapi. Mara nyingi ni sahihi au akaunti. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi hupokea kesi hizi, na serikali ya wanafunzi pia. Kula kwa mkopo kwa mama ntilie anayekufahamu si aibu. Changieni unga na maharage watu watatu kama hosteli inaruhusu kupika.

21. Niliugua, au nilifiwa, siku ya UE.

Toa taarifa kabla ya mtihani ikiwezekana, kwa maandishi, kupitia idara, ukiambatanisha cheti cha hospitali au barua ya serikali ya mtaa. Ukikubaliwa utafanya mtihani maalumu, ambao kwa kawaida husahihishwa kama wa mara ya kwanza, bila ile C ya sapu. Kosa kubwa ni kuingia ukiwa mgonjwa, kufeli, kisha kuleta cheti. Ukishaingia, umeingia. Ugonjwa ukiwa mrefu, uliza habari ya kuahirisha mwaka.

22. Nihame kozi?

Jiulize unakimbia nini. Ukichukia kila saa ya maabara, hama, na uwahi, kwa sababu dirisha la kuhama hufungwa mapema mwanzoni mwa mwaka. Ukikimbia kozi moja tu ya muhula wa kwanza, hakikisha haipo huko unakohamia. Nimeona mtu akikimbia kalkulasi ya sayansi akaikuta inamsubiri kwenye uchumi.

23. Nimedisko (nimeondolewa chuoni kwa kufeli). Nyumbani hawajui.

Kwanza soma tarehe ya mwisho ya rufaa leo, si kesho. Rufaa hufaa zaidi palipo na kosa la kujumlisha alama au tatizo lenye vielelezo. Omba taarifa ya matokeo ya kozi ulizofaulu, na uulize kwa maandishi lini na kwa masharti gani unaweza kuomba udahili upya, hapo au chuo kingine, pengine kwa kuanzia diploma.

Kuhusu nyumbani, waambie wewe kabla hawajaambiwa na jirani ambaye mtoto wake yuko chuo kilekile. Wengi niliowaona huanza na mama mdogo au mjomba, wakaenda naye. Chagua jioni baada ya chakula, wageni wakishaondoka. Nenda na barua ya chuo mkononi pamoja na hayo majibu ya udahili, kwa sababu baba akishanyamaza kwa muda wake, cha kwanza atakachouliza ni wamesema nini, na cha pili ni lini.